Nani Alimkosea Nyaruai?

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijampoteza rafiki, maana hata kanisani siku hizi sijui nikae upande gani. Mume wangu Bethwel anaendesha pikapu ya kubeba mahindi hapa Saboti, na juzi juzi, mchana kweupe, alimgonga jirani yetu Nyaruai karibu na lango letu akamvunja mguu, na ni yeye huyo huyo Bethwel aliyemkimbiza hospitali Kitale na kupiga ripoti polisi, lakini tangu siku hiyo nyumba zetu hazisalimiani. Thuo, mume wa Nyaruai, anaambia kila mtu, "Huyo dereva alikuwa anapaa, bana!" naye Bethwel anajibu ati Nyaruai alikuwa barabarani na simu sikioni, ameyapa magari mgongo, na kweli alikuwa kwenye lami kwa sababu pale kando nilikuwa nimeanika mahindi kama wote huku tunavyofanya wakati wa mavuno, na yeye hawezi kukanyaga mahindi ya mwenzake. Nimemsihi Bethwel twende tumjulie hali, anakataa: "Nikienda, si watasema nimekubali makosa?" Jana Nyaruai mwenyewe alinipigia simu, "Mama Jelagat, hiyo mahindi imekauka? Mvua isikushike," nikalia. Huyu ndiye aliyenipikia uji nilipojifungua. Sasa kati yake na mume wangu, nani mwenye makosa?
Lorna, Saboti

Lorna, pole sana, na tumshukuru Mungu kwamba mguu huunga. Lakini umeniuliza kuhusu watu wawili, na mimi katika barua yako nimewaona watatu. Nyani haoni kundule! Njia ya miguu uliigeuza uwanja wa kuanikia, rafiki yako kwa heshima akaziachia punje zako nafasi, akaingia kwenye magari. Usiniambie kila mtu hufanya hivyo. Hata huku Bungoma nikipita Mabanga naona turubai kando ya lami, na nakasirika vile vile.

Bethwel naye asijifiche nyuma ya simu ya mtu. Lango ni lake, anajua mahindi yako pale na watu wanapita wapi msimu huu, kwa hivyo alipaswa kupunguza mwendo. Na Nyaruai akipona, mwambie kirafiki atembee upande wa kulia, ayatazame magari yanayokuja, na simu ingoje. Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga tatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyetumia yake.

Bado hujampoteza rafiki. Mtu mwenye plasta mguuni anayeuliza habari za mahindi yako anakutafuta.

Sasa sikia. Leo hii mahindi yaingie uani, na uani pakiwa padogo, ombeni uwanja wa kanisa, wewe na akina mama wote wa barabara hiyo. Kesi waachieni polisi. Kumjulia hali mgonjwa si kutia sahihi popote. Bethwel akisita, tangulia, naye akisikia umebeba kosa lako mbele ya Thuo atapata nguvu ya kubeba lake. Ukifika usianze na mwendo wa pikapu wala simu ya mtu. Keti karibu naye useme, "Nyaruai, nilikunyima njia." Kisha nyamaza, umsikilize.