Siku Niliyosahau Kuonja

Alhamisi, 2 Mei
Maigizo tena leo mchana. Nimefagia ukumbi, nimepanga viti, nimejificha nyuma ya Odilia kama kawaida. Niliingia darasa hili kwa sababu sayansikimu ilijaa. Nilidhani nitapewa kazi ya kushika pazia. Wapi! Mwalimu Mushi ameninyooshea kidole: "Editha, wewe ni mwenye nyumba." Mwenye nyumba ndiye anayesema kuliko wote. Mimi, ambaye nikiitwa jina asubuhi naitika kwa sauti ya panya. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula.

Ijumaa, 3 Mei
Mchezo wenyewe: mkimbizi, anayeigizwa na Odilia, anabisha hodi kwa mwanamke wa hapa Ngara. Anakaribishwa, anapewa pombe ya ndizi kwenye kibuyu, wanazungumza. Tutauonyesha kambini Lukole, mbele ya wakimbizi wenyewe. Kichwa kinaniuma nikifikiria.
Na sitaki kumkaribisha mtu. Mikaratusi ya bibi yote imekwenda kuwa kuni za kambi. Vimebaki visiki. Nimeandika na sifuti.

Alhamisi, 9 Mei
Nimesahau maneno mara tatu. Wavulana wamecheka. Nimelia chooni. Mwalimu hakunibembeleza hata kidogo. Alisema, "Maneno yakikimbia, yaache. Mtazame mgeni wako. Anahitaji nini?" Nikamtazama Odilia. Miguu imejaa vumbi. Nikamwambia, karibu ukae, mama, umetoka mbali. Haikuwemo kwenye karatasi. Mwalimu akasema ibaki.
Nimefurahi. Kidogo tu.

Jumapili, 12 Mei
Baada ya misa nimefanya mazoezi kwa bibi, katikati ya migomba, kwa sauti. Bibi akaja mbio na jembe kuuliza nagombana na nani. Nikasema naimba. Hakuamini.

Alhamisi, 16 Mei
Kesho kutwa Lukole. Mwalimu kasema nikiona siwezi, Sabina atashika nafasi yangu. Neno hilo nimelisubiri wiki mbili nzima. Nikamjibu nitaweza. Sijui nilipata wapi jeuri hiyo.

Jumamosi, 18 Mei
Nimechoka, lakini lazima niandike yote.
Gari la shirika la wakimbizi lilitufikisha Lukole saa nne. Watu kila upande. Akina mama wamekaa chini, watoto wamesimama juu ya madumu ya maji ili waone. Nilianza vizuri. Odilia akabisha, nikamkaribisha, nikampa kibuyu. Akapokea kwa mikono miwili.
Kisha watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja wa mbele akasema kwa nguvu, "Mbona hajaonja?"
Mungu wangu. Huku kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Sisi Wahangaza tunajua, wakimbizi Warundi wanajua, hata mtoto wa miaka mitano anajua. Mwalimu Mushi ni mtu wa Kilimanjaro, hakujua. Na sisi tulifanya mazoezi na kibuyu kitupu, cha kuonja hakipo, tukazoea. Leo nimempa mgeni kinywaji bila kuonja, mbele ya watu waliokimbia kuuawa.
Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maneno yote yaliniruka. Odilia ameganda na kibuyu mkononi. Nilimwona Sabina pembeni, kanga yangu ya akiba iko mabegani mwake. Ningeweza kutoka tu.
Nikamtazama mgeni wangu. Anaogopa. Nikachukua kibuyu kutoka mikononi mwake. Nikasema, "Nisamehe, mama. Furaha ya kukuona imenivuruga akili." Nikanywa. Yalikuwa maji tu, lakini nilikunywa kweli, mpaka yakanimwagikia kidevuni. Mzee mmoja akapaza sauti, "Ee, mubakizie mgeni!"
Uwanja mzima ukacheka. Halafu makofi. Nikaendelea mpaka mwisho, na wa kule nyuma kabisa walinisikia.
Tulipomaliza, yule mama wa mbele alinifuata. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Na mimi nyumbani kwangu nilikuwa napokea watu hivyo hivyo." Akanishika mkono, hakuuachia haraka. Nilikumbuka visiki vya bibi. Bado vinaniuma. Lakini yule mama nimempenda, na atapikia nini kama si kuni?

Jumapili, 19 Mei
Sauti imekauka. Bibi kanipa asali. Nimemweleza yote, hata la kusahau kuonja. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 21 Mei
Manyunyu tangu asubuhi. Kipindi cha hesabu. Mwalimu wa hesabu alijaza ubao, akauliza kama tumeelewa. Darasa zima likaitikia ndiyo. Nikasimama. Nikasema mimi sijaelewa, tangu mstari wa pili.
Hakuna aliyecheka. Sabina akanyanyua mkono, naye hajaelewa. Kisha Odilia. Kisha dawati zima la nyuma.
Mwalimu akafuta ubao, akaanza upya, polepole.