Majina Matatu ya Mama Bahati

Mama yangu,

Ninakuandikia wazi, mahali ambapo majirani zetu wa Ndosho watasoma, kwa sababu baadhi yao walikwenda mashambani Kibumba wakarudi mikono mitupu kwa kosa langu. Wana haki ya kujua lilivyotokea. Na kwako wewe nina la kusema ambalo sijalisema.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Tulipanda basi dogo la barabara ya Rutshuru, wewe na magunia matupu kwapani, mimi na daftari la kemia. Avenyu nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa imekutuma: huyu karoti, yule viazi, mwingine kabichi mbili ndogo zisizo na matundu. Hukuwa mchuuzi. Ulikuwa mshonaji asiyeelewa kwa nini ale kabichi iliyolala siku tatu sokoni wakati aliyeipanda yuko safari ya saa moja tu, na ana jina.

Nilikuwa ninaona aibu namna ulivyoingia shambani. Ulisimama pembeni, juu ya yale mawe meusi ya volkano, na hukuuliza bei wala mboga. Uliuliza kama Bahati amepona kifua. Kisha shule ya Bahati, kisha meno ya Bahati. Mama yake alicheka, kisu chake cha mpini mwekundu mkononi.

"Mama Sifa, wewe unakuyaka kuona kabichi ao mutoto?"

"Nakuya kuona kama mama ya mutoto iko na nguvu ya kubeba kabichi yangu mpaka ku barabara."

Mimi kando nilihesabu dakika mnazopoteza.

Tangu ulipofariki mwaka jana, sikurudi. Nilisema ni masomo. Nilisema ni barabara, na kweli kuna wiki ambazo haikupitika. Lakini ilifunguka, na bado sikwenda. Kule mashambani hakuna aliyejua kwamba umekufa, na ningefika, ningeulizwa.

Kisha msimu huu wa mvua simu yako, ambayo ninaichaji kila siku bila sababu ninayoweza kuieleza, ilipokea ujumbe wa Mama Bahati: "Mama Sifa, kabichi zimeanza kupasuka. Kama haziendi sitapanda tena, nitawaachia watu shamba."

Sikujibu. Nilifanya kile ninachokijua: niliandika karatasi. Mashamba saba, zao la kila moja, mahali pa kushuka kwenye basi, na jina la mkulima kama lilivyo kwenye kadi yake ya uchaguzi, majina yote matatu, nom, post-nom, prénom, nilivyofundishwa kujaza kila fomu maishani mwangu. Majina niliyatoa kwenye orodha ya chama cha wakulima uliyoiacha ndani ya kitabu chako cha nyimbo za kanisa. Namba za simu sikuziweka. Yeyote ambaye angepiga angeulizwa habari zako kabla ya habari za kabichi. Nikaituma karatasi kwenye grupu la avenyu na kuwasihi majirani kula vya kwetu.

Papa Elie, yule mwalimu mstaafu wa jirani, alitangulia na wengine wawili. Unamjua: alivaa koti, akatia kalamu mfukoni, akasimama shambani na kusoma majina yote matatu kwa sauti. Jioni alikuja kwetu amechoka.

"Sifa, ule mutu wako haiko. Alihama. Hata mama moya alikuwa anakata kabichi pale pale, njo yeye aliniambia."

"Kisu chake kina mpini mwekundu?"

"Ndiyo. Unamujua?"

Nilicheka, Mama, halafu nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio. Koti, karatasi, majina matatu: huku kwetu anayekuja hivyo amekuja kutoza, au kuandikisha, au kuchukua mtu. Mwenye akili kama Mama Bahati anahama palepale, bila kuinua mguu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi. Nusu ya kabichi zilikuwa zimefunguka, nyeupe ndani, na maji yametuama humo. Mama Bahati aliniona, akatazama nyuma yangu.

"Sifa. Mama iko nyuma?"

Nilikuwa nimetayarisha sentensi. Badala yake nikasikia sauti yangu ikiuliza kama Bahati hajambo. Hajambo. Na kifua? Kilipona. Na shule? Amepanda darasa. Na meno? Niliendelea kuuliza mpaka akakiweka kisu chini.

"Alituacha lini?"

"Mwaka jana."

Alikaa katikati ya mistari ya kabichi, na mimi nikakaa. Alinishika mkono kwa mikono yake yenye udongo.

"Na mimi nilikuwa namukasirikia. Kila asubui. Nasema ule mama ameniacha na kabichi."

Kisha akauliza ni nani sasa atakuwa anakuja, na kabla sijafikiri nilisema ni mimi. Tukaanza kukata zilizobaki nzima.

Papa Elie alirudi kuchukua zake bila koti. Mama Bahati alimtazama kwa heshima zote.

"Papa, ule mama mulikuwa munatafuta, alirudi jana."

"Nashukuru," alisema Papa Elie. "Mumusalimie."

Hatukuziuza zote. Nyingi zililiwa na mbuzi. Lakini amepanda tena, karoti upande wa juu na kabichi chini, na ile karatasi ya kwanza, majirani wapendwa, naomba muichane. Katika mpya nimeandika: shuka sokoni Kibumba, uliza Mama Bahati, na usitaje mboga mpaka umemaliza habari za mtoto.

Mashamba mengine sita sijayafanyia hivyo. Huko bado wanakusubiri. Wanatazama njia, labda wamekukasirikia, wanadhani umepata kabichi kwingine. Nitakwenda kwao wote, kwa miguu yangu, niwaambie. Lakini ni mahali sita tu duniani ambapo bado uko hai, Mama. Nitakwenda polepole.

Pumzika. Huku mvua ni nzuri.

Mtoto wako wa kwanza