Mtaimbo Wako Umehamia Makumbusho

Aabo mpendwa,

Natangaza rasmi, mbele ya familia na mbele ya mbuzi wote: zizi letu hapa Griftu sasa linafungwa kwa kamba. Mtaimbo wako uliokuwa ukilifunga umehama. Umeenda kuishi makumbusho.

Ninakuandikia kwa Kiswahili, maana ndicho ulichorudi nacho kutoka machimboni, hicho na kikohozi. Unakumbuka uliponifundisha kugonga mwamba? "Sikiliza kwanza. Ukilia kama sufuria tupu, ruka nyuma." Nikawa naruka hata ukikohoa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kijiji kile cha machimbo siku hizi kina kondoo wengi kuliko watu. Ofisi ya meneja wameifanya makumbusho. Jasi iko ndani ya kabati la kioo, jiwe lile lile jeupe ambalo vumbi lake mkeo, Hooyo, alikuwa akilikung'uta kwenye nguo zako. Kuna picha ya lori, picha ya meneja, picha ya mbwa wa meneja. Wachimbaji, hakuna hata mmoja. Nilizunguka chumba kile kama mtu aliyepoteza kiatu msikitini. Tangu hapo sikupata usingizi wa maana, nikaona bora niwapelekee mtaimbo, angalau ionekane kwamba wewe ulikuwepo.

"Na mbuzi je?" Hooyo akauliza. "Watafungwa na kumbukumbu?"

Mtunzaji wa makumbusho ni mwalimu mstaafu, katoka kusini, huko ulikokuita Kenya kana kwamba sisi tu nchi nyingine. Akashika kalamu na kadi. "Jina la ukoo, dada?"

"Mwalimu, tukianza ukoo hiyo kadi haitatosha. Andika lake, la babake na la babu yake."

Akaandika yote matatu. Nikaondoka kifua mbele, na bado sikutulia. Juzi nimerudi kuhakikisha. Kadi ipo ndani ya kioo, jina lako limenyooka. Mtaimbo haupo.

"Mwalimu, Aabo yuko wapi?" Ulimi uliteleza.

Akanyoosha kidole nyuma yangu. "Samahani sana, dada. Ni huu upepo."

Ulikuwa umeegemea mlango, ncha chini, bega juu, vile ulivyokuwa ukingoja lori. Nilitaka kumgombeza. Nikatoka taratibu nisikuangushe.

Pumzika, Aabo, kama wanakuacha.

Mlango ule hauna komeo.

Binti yako mkubwa