Kwa Mama, Mwalimu wa Jiko Lisilo Lake

Mama yangu mpendwa,

Barua hii nimekuandikia kichwani mara nyingi, nikiwa natembea kwenda kazini katika ukungu wa asubuhi wa Butembo. Leo nimeamua kuiweka kwenye karatasi, na anayetaka kuisoma aisome. Najua ungenifokea. Ungesema, "Masika, mambo ya nyumba hapana peleka ku barabara." Nisamehe, mama. Jambo hili uliliweka moyoni muda mrefu mno, na mimi siwezi.

Tangu ututoke, darasa lako limebaki mikononi mwangu. Ni lilelile la kuandaa walimu wa mambo ya nyumbani: kupika, kushona, kumtunza mtoto na mgonjwa, kupanga matumizi ya familia. Wasichana wanatoka hapa mjini, wengine Lubero, mmoja ametoka mbali kabisa, Manguredjipa. Juzi tulifika kwenye somo la jiko. Niliandika kichwa cha somo ubaoni, kisha nikasimama na chaki yangu bila kuendelea. Wakadhani naumwa. Kumbe nilikuwa nakuona wewe umesimama palepale, na kitambaa chako cha kijani kichwani, ukingoja tunyamaze.

Unakumbuka ulivyonikataza kukuita mama darasani? Siku ya kwanza nilijisahau, nikainua mkono na kusema, "Mama, sijaelewa." Wenzangu wakaangua kicheko. Wewe hata hukutabasamu. "Mama yako amebaki ku nyumba," ukasema. "Hapa kuko Madame." Na ulinisahihisha kwa ukali kuliko wote. Mshono ambao ungempatia mwingine pongezi, wangu uliufumua mbele ya watu. Jioni tukirudi pamoja, ulinibebea kikapu, na mimi nilikuwa bado nimekununia hadi mlangoni.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya Beni ilifunguka leo ikafungwa kesho, kulingana na nani mwenye bunduki amekaa wapi. Watu wa vijiji vya kaskazini walikimbilia Beni, na Beni ikawapokea majumbani, familia juu ya familia. Ndipo ulipoamua kwamba mazoezi yetu ya kufundisha tutayafanyia huko. Ukaandika fishi ya somo, karatasi ya maandalizi, wewe mwenyewe, kwa ule mwandiko wako wa misheni. Jiko la pamoja: mama mwenye nyumba na mama mkimbizi wapike kwenye moto mmoja, chungu kimoja, ili kuni zipungue na wanawake wasilazimike kwenda mbali porini kuzitafuta. Sisi sote tuliona ni akili. Porini kulikuwa na hatari, na kuni zilikuwa ghali.

Mimi ulinipangia kiwanja cha Mama Kahindo, muuza mawese, mwanamke mnene wa sauti kubwa ambaye alikuwa amempokea Mama Kavira na watoto wake. Mama Kavira hakuwa na kitu ila pagne aliyojifunga na sufuria moja. Yeye na mume wake walipoteana njiani wakikimbia. Kurudi kijijini ilikuwa ni kurudi kwenye risasi. Kwa hiyo pale kwa Mama Kahindo ndipo palikuwa pa kuishi au pa kufa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Niliwafundisha kuchanganya maharagi na mboga ya lengalenga, kuwapa watoto kwanza, kufunika chungu ili moto usipotee bure. Walicheka, walinitania kwamba mwalimu hana hata mume wa kumpikia. Kumbe kuna kitu kilikuwa kinachemka pembeni ya chungu. Mchana mmoja nikafika kutoa somo, nikakuta nguo za Mama Kavira zimefungwa kwenye kitambaa, ziko uani, na watoto wameketi juu ya kifurushi chao wakinitazama.

Kisa ni Papa Kasereka, mume wa Mama Kahindo, mtu mpole ambaye hakukusudia ubaya wowote. Alirudi na njaa, akala, akajilamba, akasema, "Leo maharagi iko na ladha! Nani alipika?"

Mama Kahindo alinieleza huku akipiga paja lake. "Miaka yote napikia ule mwanaume, hajawahi kuuliza nani alipika. Sasa anauliza! Mutu anaikala ku kiti yangu, mu jiko yangu, anakamata mwiko yangu, lakini mimi niko nani sasa? Hapana. Nilimupa nyumba. Jiko sikumupa."

Mama Kavira hakujitetea. Alisema tu, taratibu, "Mama ya watu hana kosa. Nitaenda." Nilimwomba asubiri. Nikamwomba Mama Kahindo naye asubiri, nikiwa na aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikija kila wiki kuwakalisha pamoja kwenye moto ule. Nikakutumia neno huko Butembo kupitia dereva wa lori: Madame aje, jiko la pamoja limekufa, na mtu atafukuzwa.

Ulikuja juu ya magunia ya viazi na kabichi, umejifunika kanga juu ya koti la baridi, katika joto lile la Beni. Ulituhadithia jinsi mwanajeshi wa kwenye kizuizi alivyopekua kikapu chako na kukuta miko ya mbao. "Mama, okei wapi na miko yote hii?" Ukamjibu unaenda kufundisha kupika. Akashangaa: "Nani hajui kupika?" Ukamwambia, "Weye. Angalia vile umekonda." Wenzake walicheka hadi wakakuacha upite. Nilikuwa nakuogopa darasani, mama, lakini siku ile nilijivuna kwamba wewe ni wangu.

Ulituita sote, wanafunzi wako, katika uwanja wa Mama Kahindo. Nilitarajia utanikemea mimi. Badala yake ulitoa fishi ile, ukaishika mbele yetu na mbele ya wale akina mama wawili, ukasema, "Hii somo niliandika mimi. Nimekosea mimi. Nilihesabu kuni, sikuhesabu mutu." Sijawahi kumsikia mwalimu akisema hivyo mbele ya wanafunzi wake, wakati ule wala baadaye. Wenzangu walitazama chini. Mimi nilikutazama wewe, na hasira yangu yote ya mishono iliyofumuliwa ikaniishia hapohapo.

Kisha ukamgeukia Mama Kahindo. Ukamuuliza kama mwuliza njia: "Mama, mukamwana akifika kwako, unamufanyia nini?"

"Napika naye kwanza," akajibu, bado na ukali. "Kisha namuwekea mafiga yake."

"Nani anaweka ile mawe?"

"Njo mimi. Mama mukwe."

"Na moto?"

"Inatoka ku jiko yangu." Hapo sauti yake ilishuka kidogo. Alikuwa ameshaona unakompeleka. "Lakini huyu hapana mukamwana wangu."

"Ni kweli," ukasema. "Mukamwana iko na bwana wa kumutetea. Huyu hana."

Mama Kahindo aliingia jikoni kwake, tukafikiri amekasirika. Akatoka upande wa pili, akaanza kuokota mawe kando ya ukuta. Sisi wasichana tulikimbilia kumsaidia, tukamletea ya kwetu, aliyakataa yote. Moja ni dogo, moja litapasuka kwa moto, jingine ni la mviringo, litaangusha chungu. Aliyachagua mwenyewe matatu, akayapanga karibu na ukuta wa nyuma, akayatikisa kwa mguu kuona kama yamekaa. Kisha akaleta makaa mekundu kwenye kigae, akayaweka katikati ya mawe, akampa Mama Kavira mwiko mpya kutoka kikapu chako. Mama Kavira aliupokea kwa mikono miwili, amepiga magoti. Watoto walikuwa wameanza kufungua kifurushi bila kuambiwa.

Sahani ya kwanza iliyotoka kwenye jiko lile ilipelekwa kwa Mama Kahindo. Akaonja, akatafakari, sisi sote tunamngoja. "Chumvi iko kidogo," akasema, na uwanja mzima ukacheka, hata Mama Kavira.

Kuni ziliongezeka, bila shaka. Mioto miwili hula kuliko mmoja. Mwenzetu mmoja alikuuliza kuhusu hilo, nawe ukamjibu kwamba kuni zitatafutwa, wataenda wengi kwa pamoja mchana, na wanaume watakata. Ukafuta mstari kwenye fishi, ukaandika mwingine.

Lakini mimi nilikuwa na swali langu. Tulipokuwa tumekaa sokoni tukingoja lori la kukurudisha Butembo, wewe kwenye gunia, mimi chini miguuni pako, nikakuuliza: desturi hii unaijua tangu utoto, sasa uliwezaje kuandika moto mmoja? Ulimenya chungwa hadi ganda la mwisho. Ukasema, "Mimi nilipikia ku jiko ya wenyewe tangu baba yako alikufa. Nilizoea. Nikafikiri kila mutu anaweza kuzoea."

Mama, maganda ya lile chungwa ninayaona hadi leo. Nilikua katika kiwanja cha baba mdogo na mkewe, na sikuwahi kujiuliza kwa nini tulikula gizani. Nilijua tu kwamba kwetu chakula huchelewa. Wewe ulimngoja mama mdogo amalize kupika, aoshe vyungu, apumzike, ndipo uingie kwenye moto wake uliobaki. Hukumlalamikia yeye, hukutulalamikia sisi. Mchana kutwa uliwafundisha wasichana wa watu kupanga jiko, na jioni ulisimama mlangoni mwa jiko la mwingine ukingoja. Na hasira ile uliyokuwa nayo darasani, sasa najua ilikotoka. Laiti ungeniambia. Ningekubebea mimi kikapu.

Wasichana wangu wa sasa huniuliza kwa nini nawatuma majumbani kabla hawajaandika somo lolote, waende wakaangalie nani anakaa kwenye kiti kipi, nani anapika kwanza na nani anangoja. Huwaambia Madame wangu ndivyo alivyonifundisha. Nakukumbuka mno, mama, na nakukumbuka zaidi saa za jioni.

Hili la mwisho ulilijua, lakini hatukuwahi kulizungumza, ndiyo maana naliandika. Nilipopata cheti changu na kurudi Butembo, nilikwenda kwa mama mdogo asubuhi, wewe ukiwa kazini, nikamwambia maneno yako ya sokoni. Alikaa chini palepale alipokuwa. "Miaka hii yote?" akasema. "Mbona hakusemaka? Mimi nilifikiri yeye njo anapenda kupika nyuma, mimi nikimaliza." Alilia kwa kweli, maana alikupenda. Kisha akajifuta uso, akamwita baba mdogo akate miti, akatafuta bati kuukuu, na mawe akayachagua yeye mwenyewe. Uliporudi mchana, maana ilikuwa Jumamosi, ukakuta kibanda nyuma ya chumba chetu, na mama mdogo amesimama mlangoni na kigae cha makaa mkononi. Hukusema asante. Ulivua viatu, ukaingia.

Ulipika ndizi na maharagi. Ukatuita kula mapema sana, tukaja tukishangaa, mimi na wadogo zangu. Tukamaliza, tukaosha sahani, na nje jua lilikuwa bado liko juu ya vilima. Tukabaki tunatazamana uani, hakuna aliyejua jioni yote hiyo tuifanyie nini, na wewe ulikuwa umekaa mlangoni pa jiko lako unatucheka.

Pumzika, mama. Ni mimi,

Binti yako wa kwanza