Mwenyeji Kapona

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Nimepeleka maombi ya posho leo, ofisi ya ustawi. Mawili kwa mpigo: la Baba la ulemavu, na langu la mhudumu. Binti wa dirishani, Shahad, kanisaidia kujaza kwenye kompyuta. Mgonjwa: Khelef, miaka sabini na nane. Mhudumu: Huwaida, binti yake. Kazi ya mhudumu — nikasema karani wa shule, niko likizo bila mshahara tangu Desemba. Kaangalia skrini. Hakuna kisanduku cha likizo. Kaandika mama wa nyumbani. Haya. Mama asiye na mtoto wala mume.

Ugonjwa: kiharusi, Novemba, upande wa kulia. Mkono hauna nguvu, mguu unaburuta. Anajiogesha? Hapana. Anavaa mwenyewe? Hapana. Anakula mwenyewe? Kwa kijiko, mkono wa kushoto, nyumbani tu. Mbele za watu hali kabisa. Hakuna kisanduku cha mbele za watu.

Jambo lenyewe si refu. Shule zinafunguliwa mwisho wa Agosti. Wakikubali, nabaki hapa Jalan na Baba. Wakikataa, narudi kazini, na Baba anakwenda Nizwa kwa kaka yangu Mahrous, ghorofa ya pili, nyumba ambayo wote hutoka asubuhi na kurudi magharibi. Mahrous kasema yuko tayari. Baba kauliza tu kama dirishani kwa Mahrous inaonekana mitende. Yanaonekana maegesho.

Alhamisi, 24 Aprili

Wamepiga simu. Jumatatu saa nne atakuja mtafiti kutazama hali ya mgonjwa nyumbani. Nikamwambia Baba kuna mtu wa serikali anakuja. Hapo hapo uso ukabadilika. Saa ngapi? Halwa ipo? Kahawa ile nzuri au ile ya kila siku? Nikasema Baba, huyu haji kula, anakuja kukutazama unavyoumwa. Kasema mgeni ni mgeni.

Jumamosi, 26 Aprili

Vituko! Nimerudi sokoni nikamkuta mezani na vikombe vitatu vya kahawa, kavijaza maji. Anafanya mazoezi. Dele, birika la kahawa, anashika kwa kushoto, hilo si tabu, ndivyo inavyotakiwa. Tabu ni kikombe. Mgeni hapewi kikombe kwa kushoto. Basi kakibana kiwiko cha kulia ubavuni, vidole kavikunja kwenye kikombe kimoja kimoja kwa mkono wa pili, halafu anavuta pumzi ndefu, anakinyanyua kwa bega. Cha kwanza kimemwagika. Cha pili pia. Cha tatu kimefika.

Miaka arobaini fundi wa pampu. Nusu ya mashamba ya mitende hapa yamekunywa maji kwa mikono hiyo. Nikamwambia kahawa nitatia mimi.

"We mtoto we! Mwanamme yumo ndani, yu hai, kahawa ya mgeni itiwe na nani?"

Kwa ukaidi hana mwenzie mzee huyu, labda mimi.

Jumatatu, 28 Aprili

Kaniamsha kabla ya alfajiri nimwogeshe. Kumvalisha tu saa nzima na zaidi. Kanzu nyeupe, kilemba, udi. Kisha kaamrisha kiti cha magurudumu kifichwe chumba cha nyuma. Kiti hicho hakipendi, na mkanda wake ndiyo kabisa hataki kuuona. "Mimi si mtoto wa kwenye gari." Nami nikakificha! Niandike hapa, maana pengine sitasema: nilikificha mwenyewe, pamoja na lile godoro la hewa na beseni. Nilisema moyoni nyumba isije ikaonekana chafu. Udi ulinukia mpaka barabarani.

Mtafiti ni kijana mpole, Khattab, mtu wa Sur. Kagonga saa nne kamili. Baba kasimama! Mgongo ukutani, bakora kushoto, na mkono wa kulia kampa. Kef halak, ya walid? Alhamdulillah, bikheir. Njema kabisa, kasema Baba. Wewe je? Wazee? Watoto? Mvua kwenu? Kisha kaketi, katia kahawa. Kikombe kimefika bila kumwaga hata tone.

Nilijivunia. Nilisimama mlangoni na sahani ya halwa, nikajivunia, mjinga mimi.

Kijana kauliza kama mzee anapata tabu yoyote. Uzee tu, mwanangu, kasema Baba, tunamshukuru Mungu. Nikafungua mdomo. Baba kanitupia jicho. Mtu hamkatizi baba yake mbele ya mgeni. Nikaufunga. Kijana akaandika, akatikisa kikombe kuonyesha katosheka, akaaga.

Gari lake lilipokata kona Baba akashuka. Si kuanguka. Alishuka na ukuta taratibu mpaka sakafuni, bakora bado mkononi. Kanzu ilikuwa imelowa. Nikaleta kiti, nikaleta kanzu nyingine, na wote wawili tukafanya kama hatukuona. Kalala mpaka magharibi.

Jumanne, 27 Mei

Ujumbe wa simu. Maombi yamekataliwa. Kiwango cha ulemavu hakikufika. La mhudumu nalo limeanguka, kwa kuwa hakuna anayehitaji kuhudumiwa. Kwa hiyo mimi sipo.

Nimemwogesha Baba. Nimepika mchuzi wa papa. Nimefua mashuka.

Jumatano, 28 Mei

Ofisini asubuhi. Nilikwenda na ugomvi wangu tayari, nimeupanga njia nzima. Shahad kanisomea ripoti, na ugomvi ukakosa pa kushika. Amempokea mtafiti akiwa amesimama. Anatumia mikono yote miwili. Ametia kahawa na kumpa mgeni. Hali yake kwa kauli yake mwenyewe: njema. Nyumba haina vifaa vya mgonjwa.

Hakuna uongo hata mmoja! Niliutafuta. Kijana kaandika alichokiona, na alichokiona tulimwonyesha sisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wetu kapona, na muhuri juu.

Shahad kasema si sisi wa kwanza. Bibi yake aliwahi kumpikia mtafiti biriani, na goti halikunji. Rufaa ipo: barua ya maelezo, ripoti mpya ya daktari, kisha kamati Sur. Alipokuwa akinipa fomu kainama dirishani, kaniita khalti, kama mama yake mdogo. "Lakini khalti, kule msiseme bikheir."

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Mahrous kaja na mkewe Fakhriya na watoto, nyumba imejaa. Baba kavaa, kakaa barazani na wageni, hakula. Nimemlisha baadaye, mlango umefungwa.

Mahrous kanivuta jikoni. Khalas, yameisha, kasema, wamekataa, mwezi wa nane namchukua, wewe rudi kazini, utazeeka hapa. Si mtu mbaya Mahrous. Anapenda jambo liishe. Nikamwambia nakata rufaa. Kasema basi mpige vidio kwa siri, akianguka, akioga, wapelekee waone kwa macho. Kisha katoka kumuuliza Baba: utakuja Nizwa, Baba? Baba kasema inshallah. Mahrous karidhika. Mimi inshallah za Baba nazijua zote, na hiyo ni ile ya kumfukuzia muuza mazulia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepiga vidio. Baba anahangaika na kifungo cha shingoni, hajui kama nipo mlangoni. Sekunde kumi na moja. Nikaitazama mara moja, nikaifuta. Nimeona haya kama niliyeiba msikitini.

Jumapili, 15 Juni

Barua ya rufaa nimeiandika kwa Kiarabu, nimefuta, nimeandika tena. Kurasa mbili. Lazima Baba atie kidole gumba, na siwezi kumwambia mtu atie gumba kwenye kitu asichokijua. Baada ya alasiri nikamsomea.

Kafumba macho. Haamki kitandani peke yake. Hageuki usiku. Haoshi uso. Havai. Hafungi kilemba. Nikafika mstari wa choo, nikasita.

"Soma."

Nikasoma. Yote. Nilidhani ataniambia nichane.

"Umesahau moja."

Ipi, Baba?

"Udhu. Andika: udhu natiwa na binti yangu. Mara tano."

Nikaandika. Kaniuliza kama hayo yote ni ya kila siku. Nikasema ya kila siku. Kasema hakujua kama ni mengi hivyo. Basi. Katia gumba, la kushoto, kwa kuwa la kulia halikunjuki. Nikaenda jikoni nikafungua bomba nikalia, maji yazuie asinisikie. Nimechoka. Nilikuwa sijaliandika hilo humu. Nimechoka, na sitaki aende Nizwa, yote mawili.

Jumatatu, 30 Juni

Wameita. Kamati, Sur, Jumatano tarehe tisa, saa tatu asubuhi.

Tumefanya mazoezi. Mimi ndiye daktari. Kef halak, ya walid?

"Alhamdulillah, bikheir."

Baba!

"Limenitoka."

Tena. Bikheir. Mara ya tatu — bikheir! Nikacheka, naye kacheka upande mmoja wa mdomo, ule unaocheka. Kisha kasema hivi: tangu mtoto, mtu akimuuliza hali, hilo ndilo jibu. Akijibu vingine anaona kama anamshitaki Mola wake kwa watu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukaidi, si kwa hilo. Nikamwambia: sema Alhamdulillah, uishie hapo. Shukrani imeshatimia. Halafu ndiyo useme mkono.

Kasema atajaribu.

Jumatano, 9 Julai

Sur. Naandika ukumbini, nyuma ya nakala ya barua, daftari nimelisahau nyumbani. Tumefika saa mbili na robo. Nimeendesha mwenyewe, Mahrous kapiga simu mara tatu njiani. Leo yumo kwenye kiti cha magurudumu, na hakuna udi. Kanzu ya nyumbani, ya kijivu, na kofia. Kilemba kakikataa mwenyewe.

Watu wanapita. Kila anayepita anatoa salamu, na kila salamu Baba anaweka mkono wa kushoto juu ya mkono wa kiti ajiinue. Mara mbili nimemkandamiza bega. Ya tatu alikuwa Khattab, yule kijana. Kambusu kichwa. Kasema kahawa ya siku ile bado anaikumbuka, na kweli alikuwa na maana njema. Baba alishanyanyuka nusu. Nikamrudisha.

Khattab kaenda zake. Baba katazama magoti yake muda mrefu.

"Huwaida. Ule mkanda."

Mkanda gani?

"Wa kiti. Nifunge. Wakiingia nitasimama, najijua."

Ulikuwa chini ya mto wa kiti, tangu siku kiti kiliponunuliwa haujaguswa, bado una karatasi yake ya dukani. Nikaibandua. Nikamfunga. Kasema kaza. Nikakaza.

Saa tatu na dakika kumi. Wamemwita. Mhudumu wa pale kasukuma kiti, mimi nikainuka nifuate. Hapana, kasema, kwanza mwenyewe, kamati inataka kumsikia yeye. Utaitwa.

Nimekaa kiti cha karibu na mlango. Haukufungwa sawasawa, nafasi ya vidole viwili. Naona gurudumu moja na kiatu chake cha kulia, kimekaa upande.

Daktari ni mwanamke, sauti ya mtu mzima. Kasoma jina. Kauliza kama ametoka mbali. Jalan, kasema Baba. Viti vya wanakamati vimesogea, nadhani wamesimama kumsalimia, kwa heshima yake. Gurudumu limetikisika. Mkanda umelia.

Kef halak, ya walid?

Alhamdulillah, kasema Baba.

Nahesabu. Lile neno la pili halijaja. Kiyoyozi kinavuma. Kiatu kimesogea kidogo, kimerudi. Daktari kauliza tena, polepole sasa, hali yako vipi, baba yangu? Kalamu ya mtu mezani imesita. Nasikia Baba anavuta pumzi, ndefu, ile ya kunyanyulia kikombe —