Jiwe Chini ya Mguu wa Mashine

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Suneka. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, sasa yamebaki manyunyu tu. Sabato inakaribia kuingia na moyo wangu hauna raha hata kidogo.

Nianze na habari njema: mashine yangu ya kukereza mbao imetulia. Wiki tatu nzima ilikuwa inacheza. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona, lakini ukishika patasi unausikia mtetemo ukipanda hadi kwenye kiwiko, na mguu wa kiti unatoka na mawimbi.

Habari mbaya ni kwamba nimemjua aliyeiharibu.

Ni mimi.

Tulipohamia kibanda hiki kutoka Masimba, mashine tuliibeba watu wanne. Upande mmoja alishika Onsongo, ndugu ya mke wangu, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka sita. Ilipoanza kucheza, niliamua kwamba aliiangusha. Sikumwona akiiangusha. Niliamua tu. Siku bakuli la mteja liliporuka kutoka kwenye mashine likapasukia ukutani, nilimgeukia mbele ya watu nikamwambia mashine si mkungu wa ndizi wa kutupwa chini.

"Shemeji, mimi sijaangusha kitu," alisema.

Nikacheka. Akavua aproni, akaitundika msumarini, akaenda zake. Hajarudi kazini tena.

Tangu hapo nimebadilisha beringi, nimebadilisha mkanda, nimekaza kila nati inayokazika. Kila nikimaliza naiwasha, inacheza, namlaani Onsongo upya.

Leo mke wangu aliniletea chai, akaweka kikombe juu ya mashine ikiwa inazunguka. Chai ikamwagika. Akainama kufuta, akachungulia chini.

"Baba Kerubo, hii jiwe ni nani aliweka hapa? Si imekwisha?"

Sakafu ya kibanda haiko sawa, na siku ya kuhama niliona uvivu kutafuta chuma. Nilichukua kibamba cha jiwe la sabuni nilichopewa na mjomba wangu anayechonga vinyago Tabaka, nikakisukuma chini ya mguu wa nyuma. Jiwe la sabuni! Jiwe ambalo mtoto wa hapa kwetu analichonga kwa kisu cha jikoni. Mtetemo ulikuwa unalisaga siku baada ya siku, na unga wake mweupe nikawa naufagia kila asubuhi nikidhani ni vumbi la mbao.

Nilikata kipande cha chuma, nikakiweka mahali pa jiwe, nikaangalia usawa kwa pima maji, nikakaza. Nusu saa tu. Nilipoiwasha, patasi ilipita laini kabisa kwenye mti. Nilitaka kufurahi. Mke wangu alikuwa bado amesimama mlangoni na kikombe kitupu.

"Sasa ndugu yangu utamwambia nini?"

Hakungoja jibu. Wiki tatu hizi hajanilaumu hata mara moja, wala jina la ndugu yake halijatajwa mezani kwetu. Mimi nikadhani ananiunga mkono. Kumbe mwenzangu alikuwa anameza uchungu. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Nimeandika ujumbe kwenye simu mara tatu na kuufuta. Wa kwanza ulikuwa na neno "lakini". Wa pili ulieleza habari za jiwe kwa urefu, utadhani jiwe ndilo lililomtukana. Wa tatu ulikuwa mzuri, na hapo ndipo nilipoona ubaya wake: angeusoma peke yake, ilhali matusi aliyasikia mbele za watu.

Kanisani kwetu, ibada ikiisha, tunatoka kwa mstari na kupeana mikono nje, kila mtu na kila mtu. Sabato zote hizi Onsongo amenipa mkono kwa adabu na kupita. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazama pembeni.

Kesho nitaushika huo mkono nisiuachie. Nitasema kwa sauti ileile niliyomtukania, wazee na wateja wangu tunaosali nao wakisikia, kwamba nilimsingizia mtu asiye na kosa. Naogopa, sifichi. Akitaka kuuvuta mkono wake, atauvuta baada ya kunisikia.