Kwa Kaka Issa, Niliyemwita Mgeni

Kaka yangu mpendwa Issa,

Mvua zimeanza huku Ruangwa na wanafunzi wamekwenda likizo. Nimebaki peke yangu nasahihisha madaftari, nikaona nikuandikie. Najua barua hii haina posta ya kuifikisha uliko. Hata hivyo kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, na limenikaa kifuani tangu tulipokuzika Mandawa.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuandika? Wewe ulikuwa umesoma miaka miwili tu, mimi nilikuwa sijaanza kabisa. Ulinikalisha uani, ukachukua kipande cha mkaa ukaandika jina langu ukutani, Salumu, herufi zimesimama sawasawa. Mama akagomba kwa ajili ya ukuta wake. Ukamwambia, "Mwache asome, mama. Ukuta nitaupaka mimi." Na ukaupaka kweli.

Baba alipofariki uliacha shule ili mimi niende. Mashamba ya karanga ya Waingereza yalipofunguliwa Nachingwea, ukaenda kuomba kazi, nawe hata ndevu hujaota vizuri. Wewe na vibarua wenzako mlifuata nyuma ya matingatinga mkang'oa visiki na mizizi iliyobaki. Kila ulipokuja nyumbani uliniletea kitu cha shule: kaptula, daftari, kalamu. Nilijivuna mbele ya wenzangu. Sikukuuliza hata siku moja mgongo wako ukoje.

Ulinisimulia baadaye. Mwenzako wa kambini alikupa msokoto wa bangi akakwambia, "Vuta kidogo, maumivu yatapungua." Siku hiyo yalipungua. Baada ya miezi michache ukawa huwezi kushika shoka kabla hujavuta. Halafu ikaja pombe ya moshi. Kazi zilipopunguzwa ulikuwa wa kwanza kuondolewa, maana asubuhi wenzako wakiamka wewe hukuweza.

Ukarudi Mandawa umekonda, mikono inatetemeka. Msimu wa kupanda ulichukua jembe la mama ukalibadilisha kwa chupa ya moshi. Mama akaazima la jirani, na alipoulizwa akasema lake limevunjika mpini. Mimi wakati huo nilikuwa nasomea ualimu. Nilipokuja likizo nikakutukana uani, watu wanasikia. Uliinamisha kichwa tu, ukaingia ndani.

Nilipoanza kufundisha hapa tuliwakamata wavulana watatu nyuma ya bweni wanavuta bangi. Walichapwa, kisha mimi nikaagizwa nizungumze na darasa lao. Niliwaambia bangi inatia wazimu, na mvutaji ni mtu asiyefaa kitu. Rashidi, mmoja wa wale watatu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umewahi kuvuta?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje?"

Darasa zima likacheka.

Mwisho wa wiki nilikuja nyumbani nikamsimulia mama, nawe ulikuwa umekaa pembeni unapepeta ufuta. Ulikuwa umeacha bangi na moshi tangu mwanzo wa mavuno. Ukasema, "Nipeleke mimi, nikaongee nao."

Nikakwambia, "Kaka, pale ni shuleni."

Ulielewa nilichomaanisha. Ukasema taratibu, "Nitavaa kanzu safi, mdogo wangu."

Sikuweza kukukatalia tena.

Basi ukaja. Nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Huyu ni mgeni wetu kutoka Mandawa." Nikaishia hapo. Ulinitazama mara moja, halafu ukawageukia wao.

Ulianza kwa Kiswahili cha kambini, ukakwama, ukaingia Kimwera cha kwetu, na pale ndipo walipotulia. Hukuwatisha. Uliwaambia ukweli ambao mimi niliuogopa, kwamba siku ya kwanza bangi ilikuwa tamu. "Ingekuwa chungu nisingerudia," ukasema. "Mimi nilidhani naitumia. Kumbe nilikuwa nimeshaajiriwa nayo." Ukaomba chaki, ukaandika jina lako ubaoni. Herufi zilipinda, moja ikashuka chini ya mwenzake. Ukawaambia, "Mkono huu uliwahi kuandika vizuri." Hakuna aliyecheka. Ukawasimulia na habari ya jembe la mama, mpaka mwisho.

Rashidi akauliza, "Sasa umepona?"

"Sijui kama nimepona. Leo sijavuta, wala sijanywa. Kesho nitaanza tena kuacha. Kama unavuta, usikae nayo peke yako kama nilivyokaa mimi. Mwambie mtu."

Mvulana mwingine akauliza, "Bwana, una ndugu?"

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Wewe hukugeuka hata kuniangalia. Ukajibu, "Ninaye mdogo wangu. Ni mwalimu, anafundisha mbali sana."

Ulinificha, kaka. Ulijua nakuonea aibu, ukanisitiri mbele ya wanafunzi wangu. Nami nikakusindikiza hadi njia panda, nikakushukuru kama mtu anayemshukuru mgeni, nikarudi.

Jambo ambalo sikukuambia ni hili. Kesho yake asubuhi niliingia darasani nikasema, "Yule wa jana ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja." Kisha Rashidi akasema, "Tulijua, Mwalimu. Ulikuwa unalia pale dirishani."

Kila mwisho wa wiki niliahirisha, nikapanga nije nikwambie shule zikifungwa. Nilitaka nikuombe radhi ana kwa ana, si kwa salamu za kutumwa. Homa ya kichomi ikanitangulia. Mama anasema uliondoka ukiwa mzima wa akili, na chupa hukuigusa tena. Hilo linampa nguvu. Mimi bado sijapata cha kunipa nguvu, ila nimejaribu kufundisha kama ulivyofundisha, bila kumwita mtoto wa mtu asiyefaa.

Siku ya maziko Rashidi aliomba ruhusa akaja kwa miguu hadi Mandawa. Aliniambia tukielekea makaburini kwamba ana miezi minne hajavuta, na kwamba siku ile ulipoondoka alikukimbilia baada ya njia panda, mkaongea mpaka jua likawa kali. Hukunieleza hilo. Alishika jembe pamoja na wanaume wa kwetu, akachimba kaburi bila kupumzika. Mjomba alipoona hamfahamu akamwuliza, "Kijana, wewe ni mwanafunzi wa Salumu?"

Akafuta jasho, akajibu, "Hapana, babu. Mimi ni mwanafunzi wa Issa."

Mungu akulaze pema, kaka. Nisamehe.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Salumu